Sharubu Sita, Sharubu Nane

Hotuba hii niliitoa katika Wiki ya Maji, kwenye mkutano wa kijiji chetu chini ya milima ya Uluguru. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema. Nimepunguza vicheko na kikohozi tu.

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kijiji, wazee wangu, mama zangu, walimu wenzangu, viongozi wa jumuiya ya watumia maji, na ninyi wanafunzi mliokaa juu ya ukuta ambao mwalimu wa zamu ameshawaambia mara mbili mshuke: shikamooni wakubwa, hamjambo wadogo.

Nimepewa dakika ishirini. Mwenyekiti ananijua, ndiyo maana ameweka saa mezani.

Pale chini ya mwembe kuna ndoo nyeupe iliyofunikwa kanga. Naomba mtu asiifunue bado. Ndani yake mna samaki tisa tuliowavua alfajiri, mimi na vijana wanne. Wengine tumewatoa kwenye mawe ya juu ya daraja na wengine kwenye kidimbwi cha chini yake. Mkubwa wao hafiki urefu wa kidole changu cha kati. Afisa uvuvi yupo hapa na nilimwomba ruhusa kabla, kwa hiyo asinitazame hivyo. Yule kijana anayechota maji kwa kikombe na kuyamwaga tena ndani ya ndoo kutoka juu, hachezi. Nitaeleza anachofanya.

Nikiwauliza kijito chetu kina samaki gani, nitapata majibu matatu: kambare, perege, na vidagaa. Hilo la tatu ni gunia. Kila samaki asiyetosha kikaangoni tunamtupia humo. Na hata neno dagaa lenyewe lina mtego. Dagaa wa Mwanza na dagaa wa Kigoma hukaa pamoja sokoni, kopo moja, bei zinakaribiana, lakini si ndugu. Wa Kigoma ni wa ukoo wa saradini wa baharini. Wa Mwanza yuko upande wa akina ningu na kuyu, samaki wa mito na maziwa. Kilichowakutanisha ni udogo wao na sufuria zetu. Ikiwa samaki wanaovuliwa kwa maelfu ya tani tunawachanganya hivyo, hawa tisa wa kwenye ndoo wana bahati gani?

Sasa nikiri kosa langu, maana hotuba hii imetokana nalo.

Mnaujua msemo wa nyumba ya kambare: baba ana sharubu, mama ana sharubu, mtoto ana sharubu. Tunautumia kwa nyumba isiyo na mkubwa wala mdogo, kila mtu anaamrisha. Mimi msemo huu uliniponza. Nilikuwa katika mwaka wa tatu wa ualimu. Kijana wa kidato cha pili akaniletea chupa ya maji, ndani yake samaki mdogo wa kahawia, tumbo bapa, ana sharubu. Akaniuliza, "Mwalimu, huyu ni nani?" Sikuinama hata kumtazama. Nikamjibu, "Huyo mtoto wa kambare. Mweke kwenye ndoo, atakua." Kijana akaamini, kwa sababu mwalimu wa Biolojia amesema. Akaiweka ndoo nyuma ya bweni, juani. Saa nane mchana samaki amekufa.

Kijana akarudi na swali bora kuliko la kwanza. "Mwalimu, kambare si anakaa hata kwenye tope? Babu huwaleta sokoni ndani ya gunia wakiwa hai. Huyu amekufaje kwenye maji safi?" Nikamwambia labda ndoo ilikuwa na sabuni. Haikuwa kweli, na nadhani alijua.

Jibu la kweli nililipata miaka kadhaa baadaye, nilipojifunza kuhesabu. Kambare ana sharubu nane, yaani jozi nne. Pezi lake la mgongo ni refu, linaanza karibu na kichwa na kwenda hadi karibu na mkia kama upindo wa kanzu. Juu ya matamvua yake ana kiungo chenye matawi kama kichaka kidogo, ambacho humwezesha kuvuta hewa kama sisi. Ndiyo maana gunia halimuui. Yule wa kwenye chupa alikuwa na sharubu sita. Pezi lake la mgongo lilikuwa fupi, na nyuma yake, kuelekea mkiani, palikuwa na kipezi kingine kidogo cha nyama laini kisicho na mwiba. Mapezi yake ya kifuani yalitanda pembeni kama mbawa. Huyo ni samaki wa mawe na maji ya kasi, na wataalamu huliita kundi lake Amphilius. Hana kiungo cha kuvutia hewa. Maji ya ndoo yakipata joto na kutulia, hewa iliyomo hupungua, naye hukosa pumzi. Alikuwa mtu mzima wa ukoo wake, na mimi nilimhukumu akue.

Kwa hiyo swali la kwanza, kabla ya jina lolote, ni hili: huyu ni mtoto, au ni mkubwa aliyeumbwa mdogo? Mnyanyue samaki ndani ya chombo kinachoonyesha, jua likiwa nyuma yake. Wengi wa samaki hawa wana tumbo jembamba linalopitisha mwanga. Ukiona mayai, suala la utoto limekwisha. Kuna jike katika ndoo ile, urefu wake sentimita tano, amejaa mayai. Mama mzima yule, na sisi tunamwita kidagaa.

Swali la pili ni alikuwa akikaa wapi ndani ya maji. Hili wavuvi wa kweli hulijua bila kufundishwa. Aliyekuwa ameng'ang'ania jiwe, aliyekuwa katikati ya kidimbwi na wenzake kundi zima, na aliyekuwa juu kabisa akiugusa uso wa maji, hao watatu wana midomo tofauti. Mdomo ukitazama chini, hula vya chini na kukwangua mawe. Mdomo ukiwa mbele ya uso, huokota vinavyopita. Mdomo uliopinda kutazama juu ni wa anayengoja mbu na vijidudu vinavyoanguka. Ukiandika tu "juu, kati, chini" kwenye daftari kabla ya kuinua kimia, umeshapunguza nusu ya kazi.

Nianze na wa kati, maana ndio wengi na ndio wenye kutesa.

Samaki watano kati ya wale tisa ni wa kundi linaloitwa Enteromius. Vitabu vya zamani viliwaita Barbus, na wengi wetu tulisoma hivyo, lakini tangu 2015 wale wadogo wa Afrika wamehamishiwa jina hili. Kundi lina spishi zaidi ya 200 katika bara letu. Ni weupe wa fedha, magamba yanang'aa, mkia umegawanyika panda, na pembeni mwa mdomo wana sharubu fupi ambazo usipotazama vizuri huzioni. Wengi wana jozi mbili, wengine jozi moja. Ukimtazama mmoja peke yake utasema wote ni sawa. Ukiwaweka watano pamoja, unaanza kushangaa.

Chukua pezi la mgongo. Mbele yake kuna mwiba mmoja mnene kuliko mingine. Lowesha mkono kwanza, kwa sababu mkono mkavu unamvua samaki ute wake na akirudi mtoni anapata magonjwa. Kisha pitisha ukucha taratibu nyuma ya mwiba huo. Kuna wenye mwiba laini unaokunjika kama uzi, na kuna wenye mwiba mgumu wenye meno ya msumeno. Mwenye meno, mwili wa fedha mtupu usio na alama ya kueleweka, huenda ni Enteromius paludinosus, ambaye maana ya jina lake ni wa kwenye vinamasi. Huyu anapatikana sehemu kubwa ya mashariki na kusini mwa Afrika na hachagui sana maji. Mwenye meno pia, lakini kwenye kifuniko cha shavu ana doa la rangi ya chungwa kama mtu aliyepakwa tone la mawese, huyo ni Enteromius kerstenii.

Halafu kuna mstari wa pembeni. Tazameni samaki yeyote mkubwa mtakayenunua jioni: kutoka shavuni hadi mkiani kuna safu ya vitundu vidogo kwenye magamba. Kwa vitundu hivyo samaki huhisi mtikisiko wa maji, adui akija au mwenzake akigeuka. Kwa hawa wadogo mstari huo unaweza kufika mkiani, au kuishia njiani, au usionekane kabisa. Kule bonde la Ziwa Victoria kuna mmoja aliyepewa jina la apleurogramma, neno la Kigiriki lenye maana ya asiye na mstari ubavuni. Jina limebeba maelezo yake lenyewe. Natamani majina yote yangekuwa hivyo.

Kuna hatari moja nisiyotaka muingie. Watoto wa samaki wakubwa wa ukoo huohuo, wale wanaopanda mito mikubwa na kufikia kilo kadhaa, nao wakiwa wadogo hukaa humohumo na kufanana na hawa. Hapo ndipo mtu anahitaji lenzi. Toa gamba moja, moja tu, ubavuni, ulitazame. Kwa Enteromius mistari ya gamba hutawanyika kama miale ya jua. Kwa wale wakubwa, Labeobarbus, mistari hukaa sambamba kama matuta ya shamba. Kijana mmoja wa darasa langu aliwahi kunijibu kwenye mtihani kwamba tofauti ya samaki hawa ni jua na shamba. Nilimpa alama zote.

Mwenyekiti ameshika saa. Naongeza mwendo.

Wa juu ya maji wako wawili ndoo ile. Hawana sharubu. Kichwa bapa juu, mdomo umepinda kutazama mbinguni, na jicho lina ukingo wa buluu unaowaka ukimulika tochi usiku. Kundi lao huitwa Lacustricola, zamani Aplocheilichthys. Watu wengi huwachanganya na wale samaki wa mapambo wa kwenye matangi ya vioo mijini, wanaoitwa gapi. Gapi ametoka Amerika ya Kusini. Alisambazwa duniani kwa nia njema ya kula viluwiluwi vya mbu, na mwingine wa Marekani aitwaye Gambusia alisambazwa hivyohivyo. Kumtofautisha si kazi: tazama dume. Dume la gapi, pezi lake la chini karibu na mkia limegeuka kijiti chembamba cha kujamiiana, kwa sababu gapi hutaga? Hapana, wanafunzi, mmekosea, hatagi. Huzaa. Mbegu lazima iingie ndani ya jike, ndiyo maana ya kijiti. Wetu hutaga mayai, na dume lake lina pezi la kawaida. Ukiona kijiti, usimwage mtoni. Wetu wanakula mbu pia, tangu hapo. Hatukuhitaji kuazima mlinzi.

Kenya wana habari ya kusikitisha kuhusu ndugu wa hawa. Ziwa Naivasha lilikuwa na samaki mdogo wa kundi hili aliyeonekana kuwa spishi ya pekee. Ziwa hilo lililetewa samaki wageni wa kila aina, wakiwemo wale wa Marekani wenye midomo mikubwa wanaokula wenzao, walioletwa 1929. Samaki mdogo akatoweka. Leo yupo kwenye orodha ya waliokwisha duniani, na kwenye orodha ameandikwa "spishi ya Naivasha" tu, kwa sababu alikwisha kabla mtu hajaketi kumpa jina kamili. Nikisoma orodha ile nafikiria kaburi lisilo na kibao.

Aliyebaki wa kidimbwini ni furu mmoja, jamii ya Astatotilapia. Ukoo wa furu, perege na sato una alama ambayo watu hawaiamini hadi waone: kila upande wa pua wana tundu moja tu, wakati samaki wengine wengi wana mawili kila upande. Pezi la mgongo ni moja refu, mbele miiba migumu, nyuma laini. Sasa, huyu ni furu au ni mtoto wa perege? Perege mchanga huwa na doa jeusi kwenye sehemu ya nyuma ya pezi la mgongo. Dume la furu, kwenye pezi la chini karibu na mkia, ana madoa ya manjano au ya chungwa, ya mviringo, kama mayai yaliyochorwa. Na ni kama mayai kweli. Jike hutaga, kisha huyaokota mayai yake mdomoni haraka. Akiyaona madoa ya dume huyafuata, na hapo mbegu za dume zinamwingia mdomoni, mayai yanarutubishwa humo humo. Atakaa nayo mdomoni hadi yaanguliwe. Furu akifunga mdomo na kukataa kula, mama zangu, msimwone ana madeko.

Na hapohapo, wenye mabwawa ya kufugia samaki: sato mnayemfuga ni mgeni wa mto huu. Mtamjua kwa mistari ya wima iliyojipanga kwenye pezi la mkia. Mvua ikivunja kingo za bwawa, anaingia mtoni, anapandana na perege wa asili, na watoto wanakuwa si huyu wala yule. Mimi sisemi msifuge. Nasema jengeni kingo.

Wa mawe nimeshamtaja, yule wa sharubu sita. Kuna mwenzake anayekaa maji hayohayo ya kasi, ingawa leo hatukumpata. Midomo yake imeungana na kuwa kisahani cha kunyonya, na sharubu zake zimeshonwa ndani ya kisahani hicho. Ukimweka kwenye chupa anajibandika ubavuni na unaweza kumtazama mdomo kwa raha. Huyo ni Chiloglanis. Msidhani watu wamemaliza kuwahesabu. Mwaka 2015 samaki wawili wa kundi hili waliandikwa kwa mara ya kwanza nchini Kenya, na mmoja alipewa jina la mto wake, Kerio. Watu walikuwa wakivuka maji yale kila siku wakienda malishoni.

Nimetaja majina mengi ya kigeni na namwona babu pale mbele anatikisa kichwa. Babu, una haki. Kerstenii ni Otto Kersten, Mjerumani aliyepanda Kilimanjaro mwaka 1862 pamoja na Karl Klaus von der Decken, bila kufika kileleni. Samaki walipelekwa Berlin, na mwaka 1868 Wilhelm Peters akawaandika. Decken naye akapewa Chiloglanis wake, deckenii, wakati ameshauawa Somalia tangu 1865. Mwenye sharubu sita alipata bahati. Georg Pfeffer wa Hamburg alimpa jina mwaka 1889, nalo ni uranoscopus, mtazama mbingu, kwa kuwa macho yake yako juu ya kichwa. Hilo jina nalipenda, kwa sababu aliyelitoa alimtazama samaki.

Lakini mto huu ulikuwa na watu kabla ya 1868, na watu hao walikuwa na majina. Bibi yangu alikuwa na maneno matatu tofauti kwa samaki ambao mimi, na digrii yangu, niliwaita vidagaa. Nakumbuka yalikuwa matatu. Siyakumbuki yenyewe. Ndiyo maana nimemwomba katibu aweke daftari lile kubwa mezani. Mzee yeyote mwenye jina la Kiluguru la samaki wa hapa, aliseme lilivyo, na aeleze samaki mwenyewe alivyo. Tusiandike jina bila maelezo, maana jina likibaki peke yake halitusaidii kitu.

Sijasahau madimbwi. Kule bondeni, ng'ambo ya reli, masika huacha madimbwi ambayo kiangazi hukauka hadi ardhi inapasuka. Mvua ikirudi, baada ya muda mfupi mna samaki, na watu husema wameanguka na mvua. Wanafunzi, hawakuanguka. Ni Nothobranchius. Hutaga mayai ndani ya tope, wazazi wanakufa maji yakikauka, mayai yanalala humo udongoni miezi mingi, yakingoja. Kuna spishi yao moja ya kusini mwa Afrika ambayo watafiti waliikuta imeshakomaa kuzaa wiki mbili tu baada ya kuanguliwa. Maabara za Ulaya na Marekani zinawafuga leo ili kuchunguza uzee, kwa kuwa samaki hao huzeeka ndani ya miezi michache. Unguja wana wao, guentheri, aliyeandikwa 1893. Huku kwetu bara yupo melanospilus, na jina lake linatokana na madoa meusi ya jike. Kwa jamii hii usitambue kwa rangi ya jike pekee, ni mfifu wa udongo. Dume ndiye amevaa: nyekundu, buluu, kila gamba na upindo wake. Nikiona lori la kifusi likishusha mzigo kwenye dimbwi kavu ili pajengwe fremu, najua limefukia mayai. Mwenye kiwanja ataniambia palikuwa pakavu, hapakuwa na kitu.

Rangi kwa ujumla msiiamini sana. Samaki akiogopa hufifia. Akiwa kwenye ndoo nyeupe hufifia zaidi, na akifa rangi hukimbia kabisa. Amini idadi: sharubu ngapi, miiba mingapi, magamba mangapi kwenye mstari.

Vijana wenye simu, hili ni lenu. Picha ya samaki kiganjani, amekunjika, na kidole gumba kimefunika pezi, haimsaidii mtu. Mweke kwenye chombo cha kioo au plastiki inayoonyesha, chenye pande bapa. Glasi ya duara humnenepesha. Maji yawe ya mto huohuo. Piga ubavu mzima, kichwa kikiwa kushoto, mapezi yamefunguka. Piga mdomo kutoka chini. Weka rula pembeni, au sarafu ya shilingi mia kama rula hamna. Andika tarehe, mahali, na lile neno la juu, kati au chini. Kisha mrudishe palepale alipotoka, si kwenye kijito cha jirani. Ikibidi kujua zaidi ya hapo, Chuo Kikuu cha Sokoine kiko hapo mjini, na Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, TAFIRI, ipo tangu 1980 kwa kazi hiyo. Sampuli ya kuhifadhiwa kwenye spiriti ni kazi ya wenye kibali, na wakati mwingine kipande kidogo cha pezi kinatosha kwa kipimo cha vinasaba.

Mwenyekiti, dakika mbili.

Kuna mtu miongoni mwetu, simtaji, aliponda utupa mwaka jana na kuutia kwenye kidimbwi cha darajani. Najua wazee walikuwa wakiutumia, kwa kipimo na kwa msimu. Utupa una sumu inayoingia kwa matamvua na kuzuia mwili kuitumia hewa uliyovuta. Mtu huyo alipata kambare watatu. Waliopinduka matumbo juu kwa mkono mzima wa maji kule chini walikuwa hawa wadogo, na hakuna aliyewahesabu. Kwa miezi mitatu nilikwenda na kimia nikitoka mtupu.

Na mashamba ya mboga. Sheria ya Mazingira ya 2004 inasema mita sitini kutoka ukingoni, mnaijua kuliko mimi. Ninachoongeza ni alichoniambia mtazama mbingu. Yeye hukaa kwenye nafasi kati ya jiwe na jiwe. Udongo wa shamba ukishuka, nafasi hizo zinajaa tope, na yeye anahama au anakufa. Miaka kumi iliyopita nilikuwa nampata darajani, kila nikiinua jiwe. Leo alfajiri tuliinua mawe karibu arobaini, tukampata mmoja. Maji hayo yanaingia Ngerengere, Ngerengere inaingia Ruvu, na Ruvu inaingia kwenye mabomba ya Dar es Salaam. Wanangu wawili wanakaa huko na hulalamika maji yana rangi. Huwaambia wanipigie, namjua aliyetoka humo.

Wa tano kati ya wale Enteromius sijamtambua. Mwiba wake ni laini, sharubu jozi mbili, mstari umekatika nusu, na ana madoa matatu ubavuni, la mwisho kubwa kwenye shina la mkia. Nimepekua mwongozo wa samaki wa Tanzania ambao FAO ilitoa mwaka 1992, na bado nabaki na majina mawili. Nataka babu amwone kabla sijampiga picha, kwa sababu ametikisa kichwa tena nilipotaja madoa matatu, na safari hii naona si kwa hasira.

Kivuli cha mwembe kimesogea, jua limeshagusa ukingo wa ndoo. Kijana, endelea kumwaga hayo maji ili yapate hewa, usipumzike. Mwenye sharubu sita hatavumilia, naye ni mmoja tu. Mwenyekiti, naomba tusimalize kwa risala. Wazee watangulie, wanafunzi shukeni ukutani mfuate nyuma, msisukumane. Tuwatazame, katibu aandike, kisha mimi na vijana tunateremka darajani nao sasa hivi.